Muuza Mashuka Aliyeuliza Mama Anaota Nini

Mtu wa kwanza kuniuliza mama yangu anaota nini hakuwa daktari wala mchungaji. Alikuwa muuza mashuka wa mjini Kisii, mwanamke mnene wa mtandio wa zambarau, na aliniuliza pini mbili zikiwa mdomoni, kwa sauti ile ile ambayo mwingine angeuliza mama anavaa kiatu namba ngapi. "Anaota nini huyo mama yako akishajifunika?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa zile pini, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake, akanisubiri.

Mama alikuwa halali. Hilo ndilo jambo lenyewe, na nalisema mapema lisije likanipotea, maana nikianza kumkumbuka yule mwanamke huwa napotea kabisa. Joto la Januari lilikuwa limeingia chini ya bati la nyumba yake kule Nyamache na likakataa kutoka. Mama alikesha amelowa jasho, kisha mchana anasinzia popote: kanisani, katikati ya majani chai, mkononi kikombe. Siku moja alisinzia mbele ya meko, mkono ukaangukia majivu ya moto. Daktari alimpima kila kitu asione ugonjwa, akamwambia apunguze blanketi. Dada zangu nao wakaanza kusema ahamishwe akakae Nyamira kwa dada yetu mkubwa, na nyumba yake ifungwe. Mama yangu afungiwe nyumba! Namjua. Angefika huko akae kwenye kiti kizuri, asahau hata kuuliza ni siku gani.

Apunguze blanketi. Ni rahisi kusema ukiwa si wa kwetu. Kitanda cha mama kilikuwa na mablanketi matatu mazito, kila moja limeletwa na mkwe wake mmoja, na mama alijifunika yote matatu kwa pamoja, mwaka mzima, joto lije lisije. Akiondoa moja, majirani wanaopita kumwamkia wangeliona limekunjwa kwenye kiti, na kabla ya siku ya soko kuisha ingesemwa kwamba mkwe fulani amedharauliwa. Na akilala na shuka tupu, ingesemwa hana watoto. Mimi ni wa pili kuzaliwa, sijaolewa, na kwa hiyo kwenye kitanda kile hapakuwa na kitu changu.

Sasa nirudi kwa muuza mashuka. Alikotoka sitasema. Mjini kuna hadithi tatu kuhusu babu yake, na zote nilizisikia kwa watu ambao hawakumjua. Mimi nilimjua akiwa ameshatulia mjini. Nilikuwa nafanya kazi ya kutoa nakala na kuchapa barua, milango miwili kutoka dukani kwake, na kila saa nne asubuhi nilibeba chai yangu nikaenda kuinywea kwake. Duka lile leo linauza simu na chaja. Nikipita hapo huwa naangalia upande mwingine, ni ujinga wangu tu.

Nilikuwa nafuata rangi. Mteja akija, yeye hakumtandazia shuka mezani. Alisimama mlangoni, akaliinua mbele ya jua, na duka lote likabadilika: mara kila kitu ni manjano, mara ni kijani cha maji ya mto, na sisi tuliokaa ndani tukawa kama tumelala macho wazi. Hata kelele za stendi zilikuwa kama zinatoka mbali, huko Keroka. Kisha akalishusha, na kila mtu akakumbuka alikuwa amekuja kufanya nini mjini.

Alikuwa na njia zake za kupima, na hakuruhusu mtu aziruke. Mkono hakuuamini. "Mkono wako umeshika jembe, umeshika sufuria, umeshika kamba ya ng'ombe. Utajua nini?" Alikuamuru ufumbe macho, akalilaza shuka kwenye shavu lako, na huruhusiwi kuongea mpaka akuambie. Halafu alilikunja mara mbili, akaliweka mdomoni, akapuliza, na wewe ukaweka kiganja upande wa pili. Pumzi ikifika, linafaa. Isipofika, "hilo ni koti, nenda nalo Nairobi." Mwisho alichovya kidole kwenye kikombe cha maji akadondosha tone moja. Shuka la pamba lilimeza tone hilo papo hapo. La nailoni liliacha tone likae juu limeviringika, na hapo alikutazama wewe mteja kwa huruma sana. "Unaona? Jasho lako nalo litakaa hivyo hivyo, linakungoja."

Vitambaa alivijua kwa majina ya zamani. Bafta, marekani, melimeli. Melimeli ndiyo aliyoipenda, ile pamba nyembamba ambayo ukiirusha juu inachelewa kushuka. Hakuuza kitambaa ambacho hakijafuliwa. Alisema shuka jipya lina ukaidi, halijui bado kulala juu ya mtu, kwa hiyo alilifua mara tatu na kulianika kwenye kamba nyuma ya duka. Na mnaijua mvua yetu. Saa tisa haijafika vizuri, imeshamwagika. Basi ungemwona anakimbia na mwili wake ule, mashuka mabegani, akiitukana mvua kwa Ekegusii, lugha yetu, tena safi kuliko changu, matusi ambayo siwezi kuyaandika. Akishaingia ndani alikaa, akapangusa uso, akamwomba Mungu msamaha kwa Kiarabu, kwa sababu mvua ni rehema. Kesho yake saa tisa tena, matusi na msamaha.

Watu wa kwetu hawakubali kwamba kuna joto. Kisii ni baridi, tuliambiwa hivyo tukiwa wadogo na tunawaambia hivyo wageni. Mtu anaweza kuwa anajipepea na gazeti huku anakuambia kwetu ni baridi. Jambo hilo lilimchekesha muuza mashuka mpaka machozi. "Nyinyi mnalala na sifa," alituambia. "Sifa ina uzito, ati, na haipitishi hewa."

Aliwahi kuwakatalia bwana na bibi waliotoka kufunga ndoa juzi. Walitaka duveti nene, lile la kuvimba, waliloliona kwenye hoteli walikolala usiku wa harusi. Akawauliza nyumba yao imeezekwa na nini. Bati. Ina dari? Bado. Dirisha linaangalia wapi? Magharibi. Akalirudisha duveti kwenye rafu ya juu kabisa.

"Mama, si mimi ndiye ninayenunua?" kijana akasema, ameudhika.

"Ndiyo. Na atakayetokwa na jasho ni nani? Msichana wa watu huyu. Ataamka akununie, udhani umemkosea."

Bibi harusi ndiye aliyecheka kwanza. Waliondoka na melimeli ya rangi ya ndizi mbivu, na baada ya siku chache bwana alirudi peke yake, bila neno, akamwachia mkungu mzima wa ndizi mlangoni. Lakini lile duveti hakulitoa dukani. Nilipomuuliza analiwekea nani, alisema wapo watu wasiotaka kulala, wanataka kuonekana wana kitanda, na hao nao ni waja wa Mungu.

Habari ya ndoto ndiyo iliyonifanya nimwone si mtu wa kawaida. Aliamini kwamba uzito wa nguo unaingia kwenye ndoto. Aliyefunikwa kupita kiasi huota anakimbia na miguu haiendi, au amebanwa kwenye umati, au anatafuta mlango. Mwalimu mkuu mmoja aliota kila mwaka kiangazi kikija kwamba fahali wanamfukuza ndani ya kanisa. Akauziwa shuka moja jepesi la bafta. Wiki mbili baadaye akarudi kulalamika kwamba sasa haoti chochote. "Ni huo, mwalimu," alimwambia. "Huo ndio usingizi wenyewe. Ulikuwa umeusahau sura."

Na yeye mwenyewe? Wee! Yeye alilala chini ya blanketi zito la marehemu mumewe, Januari na Julai. Aliniambia siku moja tukikunja mashuka, kila mtu na pembe zake mbili, tunakutana katikati na kuachana, tunakutana na kuachana. "Mimi si mteja wangu," alisema. Usingizi wake ulikuwa mchache. Aliupata mchana baada ya sala ya adhuhuri, ameegemea rundo la foronya, jicho moja halijafumbika sawasawa, na mteja akikanyaga kizingiti aliamka na swali mdomoni tayari.

Kitu ambacho hakuvumilia ni shuka kununuliwa na mtu asiyelilalia. Hakuuza zawadi. "Mlete mwenyewe," alisema, na kama mwenyewe yuko mbali, basi uje umeyajua yote: bati, dirisha, godoro, ndoto. Nilikuwa nimemwona akimrudisha hata karani wa ofisi kubwa. Kwa hiyo mimi, mjinga, nilipotaka shuka la mama, nikadanganya. Nilisema ni langu.

Sijui kwa nini. Nadhani niliona haya kusema kwamba mama yangu halali na mimi nimeshindwa kumsaidia. Aliniuliza maswali yote, nikamjibu kwa kitanda changu cha mjini na ndoto zangu mwenyewe. Akanipa shuka jeupe, zuri, jembamba. Jumamosi nikalipeleka Nyamache kwenye mfuko wa karatasi, nikamkuta mama jikoni peke yake, nikamkabidhi kama ninayempa sukari. Nikamwambia, "Mama, hili la joto." Akasema asante, akaliweka juu ya kabati la vyombo. Nikakimbilia kurudi kazini.

Baada ya wiki mbili nikarudi nikalikuta sebuleni. Limetandazwa kwenye kochi refu, limenyooshwa, na pindo lote mama amelifuma maua mekundu na ya kijani kwa sindano yake. Alikuwa na furaha sana. "Umeniletea kitambaa kizuri cha kochi," alisema. "Shangazi yako amekitamani." Chumbani mablanketi yalikuwa pale pale, matatu. Mkono wake ulikuwa bado na kovu bichi. Nikakaa juu ya shuka langu, nikala ugali nikiwa nimeinamia sahani, na mama akasinzia akiwa anatafuna.

Kesho yake ndipo nilipoenda kukiri. Muuza mashuka alisikiliza mpaka mwisho, uso ukawa mwekundu. "Ala! Kumbe nilipima usingizi wa mtu mwingine!" Alinigombeza kwa lugha mbili. Aliniambia mimi ni msomi wa mashine ya nakala, natoa picha ya kitu na kudhani ndicho kitu. Wateja wawili waliingia, wakasikia, wakatoka. Kisha akachukua pini zake, akaziuma, na kuniuliza mama anaota nini.

Nilijua jibu. Mama alikuwa ameniambia, nikaona ni maneno ya uchovu. Anaota yuko kwenye kibanda cha kununulia majani chai, amelala chini, na watu wanamwekea magunia juu yake, moja, jingine, jingine, wakizungumza mambo yao. Anataka kuwaambia kwamba yeye si gunia. Sauti haitoki.

Muuza mashuka alianza kukunja foronya. Nje mtu alikuwa anapaza sauti akiuza nyanya. "Lile shuka ulimpaje?" akauliza hatimaye.

"Kwa mkono. Jikoni."

"Na wakwe walimpaje mablanketi?"

Nikamweleza, ingawa alijua vizuri kunishinda. Mkwe husimama mbele ya watu. Hulikunjua blanketi lote, humzungushia mama mkwe mabegani, akasema maneno, na wanawake wakapiga vigelegele. Huo ndio utaratibu wetu.

"Na wewe hukusimama kwa nini?"

Ningesimama kama nani? Nyuma ya dada zangu kulikuwa na wanaume, na nyuma ya wanaume kulikuwa na ukoo. Nyuma yangu kulikuwa na mashine ya nakala. Nililia, si uongo, nililia juu ya meza yake, na yeye akasogeza melimeli zisilowe.

"Mama yako hakulikataa shuka, mwanangu," alisema, safari hii kwa upole. "Hakujua ni la kujifunika. Kwenu kitu ambacho mtu hakufunikwa nacho mbele ya watu ni kitambaa tu. Na mimi nimeishi hapa maisha yangu yote, ningepaswa kukumbuka kuuliza ni la nani hasa. Makosa ni yetu wawili."

Alichagua siku mbili nzima. Mwishowe alichukua melimeli ya tabaka mbili zilizoshonwa pamoja kwa mishono mirefu, rangi ya chai ya maziwa, pana ya kufika sakafuni pande zote, kwa sababu alisema mama aliyezoea mengi asione kidogo. Akaifua mara ya nne. Halafu akasema ataileta mwenyewe. Yeye, ambaye hakuwahi kufunga duka hata siku ya mvua ya mawe!

Alikuja Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, furushi la nguo kwapani. Ndiyo mara ya mwisho niliyokaa naye nje ya duka, maana miezi michache baadaye binti yake alimchukua akaishi naye mbali na sisi. Dada yangu wa Nyamira alikuwepo na mume wake, shangazi alikuwepo, na majirani wanne watano waliosikia kuna mgeni. Mama alimpokea kwa Ekegusii, naye akajibu kwa Ekegusii, na nikaona mabega ya mama yanalegea. Alikula ugali wa wimbi na mboga za kienyeji, akasifu. Kisha akanawa mikono na kusimama.

"Mimi ni mtu wa kusindikiza tu," alisema. "Mwenye neno ni huyu." Akanisukuma mgongoni, kweli kweli, kwa nguvu.

Nikaikunjua ile melimeli, na ilipokuwa hewani jua la dirishani lilipita ndani yake, na watu wote wakawa rangi moja. Nikamzungushia mama mabegani. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalipotea. Nikasema, "Mama, sina mtu nyuma yangu. Nimekuja mwenyewe. Nimekuletea ya kulalia wakati wa joto. Nakuomba ulale."

Shangazi akanyoosha mkono, akashika pindo. "Nyepesi hivi? Watu watasema hana watoto."

Mama alijitazama mabegani. Aliinua bega moja, akalishusha, akainua lingine. "Hawa wengine waliponifunika nilihisi nimefunikwa," alisema polepole. "Hii sijui hata kama ninayo." Nilidhani mambo yameharibika. Lakini aliivuta kwa mikono yake miwili, akaikutanisha kifuani, na hakuiachia.

Shemeji yangu wa Nyamira ndiye aliyesimama. Ni mtu wa maneno machache, na blanketi lake ndilo zito kuliko yote. "Mama," alisema, "langu liweke. Utalitoa Juni. Juni ndiyo baridi." Alipiga makofi, moja, mawili, na hapo wanawake wakapiga vigelegele, na shangazi, jamani, shangazi akawashinda wote.

Mama alisema anaenda kuijaribu kidogo tu, asikie ikoje kitandani, anarudi sasa hivi kumalizia chai na mgeni. Tukaendelea kuongea. Mvua ikaja saa yake ileile, ikapiga bati, ikapita. Chai ikapoa. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, viatu mkononi bila kuambiwa. Dada yangu alienda kuosha vyombo, akawa anaviweka kimoja kimoja asivigonganishe, na habari ya kufunga nyumba hakuitaja, wala hajaitaja tangu siku ile.

Jua likaanza kushuka, na mgeni alikuwa na safari. Kwetu mgeni wa heshima hatoki bila mwenye boma kumsindikiza hadi barabarani. Mgeni kuondoka mwenyeji amelala ni aibu ambayo watoto wangekuja kuambiwa. Nikainuka kwenda kumwamsha mama, na nilipofika mlango wa chumba nikahisi kiganja kimenishika mkono.

Mama alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mguu mmoja nje. Mablanketi matatu yalikuwa yamekunjwa vizuri juu ya kiti, mahali ambapo yeyote angeweza kuyaona. Ile melimeli ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na paji la uso wake lilikuwa kavu.

"Usimwamshe," muuza mashuka alininong'oneza.

"Lakini ni lazima akusindikize."

Alitikisa kichwa. Alikuwa anamtazama mama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu chochote, hata kitambaa. "Nimewauzia watu miaka yote hii," alisema. "Wananiambia walilala, nami nawaamini. Sijawahi kumwona hata mmoja." Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. "Nikae kidogo?"

Nikamletea stuli, nikaiweka pole pole karibu na mlango, akakaa.